Kuku wa Zawadi Kwenye Landrova

Wiki niliyostaafu mlinifanyia karamu, mkanivisha leso, na mwenzenu mmoja mwenye tai nyekundu akasoma hotuba ya kunisifu kwamba nimetumikia umma bila kuchoka. Mwongo huyo. Nilichoka sana, na walionichosha ni watu wa idara yetu kuliko kuku. Baada ya soda mkaniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu maradhi ya kuku na hatari yake kwa binadamu, maana siku hizi kila mtu anaogopa homa ya ndege, ila sijaona anayeogopa viatu vyake mwenyewe. Haya, nimeketi, naandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Anayezitaka aende akapige foleni ofisi ya wafanyakazi. Nitawaambia juu ya miaka ya tisini, Kehancha kwanza kisha Homa Bay, na juu ya msafara mmoja wa wakubwa ambao mpaka leo nikiukumbuka naiacha chai ipoe.

Nilifika Kehancha nikiwa msichana wa Karungu asiyejua neno moja la Kikuria, na cheti changu cha afya ya mifugo kimefungwa kwenye nailoni kisilowe. Wakulima waliniita daktari tangu asubuhi ya kwanza. Kule kwetu yeyote anayeshika sindano ni daktari, hata kama sindano yenyewe haijui anaielekeza wapi. Ofisini waliniita "huyu msichana". Sikuwasahihisha wakulima.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha ni Bwana Chacha, msaidizi wa mifugo wa siku nyingi, mrefu, mwenye hasira za karibu. Alichukia semina, alichukia redio, na alichukia watu wanaobisha hodi wakiwa wameshaingia. Sikumwona akicheka ovyo. Nilipomsalimu, aliniangalia miguuni kabla ya kuniangalia usoni.

"Ndoo yako iko wapi?"

Nikamwambia sikuleta ndoo.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Ndivyo nilivyojua kwamba kifaa cha kwanza cha kazi hii ni ndoo, na cha pili ni brashi ya kusugulia gambuti. Ukifika kwenye lango la boma unasugua buti kwa maji ya dawa, unaingia. Ukitoka unasugua tena. Watu walituona wendawazimu, kwa sababu sehemu ile mtu huosha miguu anapotoka matopeni, haoshi anapoelekea. Bwana Chacha hakujibu maswali yao. Aliendelea kusugua hadi wenyewe wakachoka kushangaa.

Adui wetu mkubwa alikuwa ugonjwa wa kideri. Nyinyi wa kompyuta mnaujua kwa picha. Sisi tuliujua kwa masikio: unafika boma ambalo wiki iliyopita lilikuwa na kelele, unakuta kimya. Waliobaki wamekunja shingo kama wanatafuta kitu mgongoni, mabawa yako chini, kinyesi kijani. Dawa ya kutibu hakuna. Kuna chanjo tu, na chanjo inataka baridi, na Kehancha ya wakati ule baridi ilikuwa kwa mama wauza samaki waliokuja sokoni na barafu kutoka Migori. Tuliwaomba vipande, tukavitia kwenye themosi ya chai pamoja na vichupa vya chanjo, na ofisi nzima ikanuka samaki wa ngege. Mkaguzi mmoja kutoka mkoani alijimiminia kikombe kutoka kwenye themosi ile bila kuuliza, na hakuna aliyemkataza.

Tuliwachanja kuku alfajiri kabla hawajafunguliwa, tone moja kwenye jicho. Inaonekana rahisi mpaka umshike jogoo wa Kikuria. Asubuhi yangu ya kwanza jogoo mmoja alitikisa kichwa, tone likaniingia jichoni mimi. Keshokutwa yake nikaamka jicho limevimba, jekundu, linatoa machozi, na mwili una homa kidogo. Nikaenda kwa Bwana Chacha nimeshaanza kuwaaga watu wa nyumbani moyoni.

Siku hiyo alicheka. "Sasa wewe umechanjwa," akasema. "Kideri kwa mtu ni hiyo tu, macho. Itaisha yenyewe." Halafu akaacha kucheka. "Lakini usizoee. Hii umeijua. Ingine hutaijua. Nawa mikono, funga uso, na usijipanguse jasho na mkono umeshika kuku."

Jicho likapona baada ya siku chache. Nawaandikia hili mapema kwa sababu mtalihitaji.

Sasa niwaambie juu ya zawadi. Kwa Wakuria, na kwetu Wajaluo vilevile, mgeni wa heshima haondoki hivihivi. Anafungiwa kuku mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, anakabidhiwa langoni. Kumkataa kuku huyo ni kumtukana mwenye boma na mababu zake. Na maradhi yanapoingia kijijini, watu hawatoi kuku wachache, wanatoa wengi zaidi, maana kila mmoja anaona afadhali aonekane mkarimu leo kuliko kumzika kuku kesho. Kwa hiyo kideri husafiri kwa heshima zote, kimebebwa kwapani, kutoka Ntimaru hadi kwa shangazi aliye ng'ambo ya mto.

Bwana Chacha alikuwa na njia yake. Alimpokea kuku kwa mikono miwili, akashukuru sana, akamsifu manyoya, kisha akamrudisha. "Huyu sasa ni wangu. Nitunzie hapa hapa. Akitaga, mayai ni ya watoto wako." Mwenye boma aliridhika, kuku alibaki kwao, na ugonjwa haukupata usafiri. Alikuwa na kuku nusu ya Kuria na sikumwona hata siku moja akiwa na yai. Nilimwiga mpaka nilipoondoka, na wengi kati yenu nimewaona mkiondoka kwenye maboma na kuku wawili wawili kwenye pikipiki ya serikali. Msifikiri sikuwaona.

Nilihamishiwa Homa Bay katikati ya miaka hiyo. Huko nikajifunza jambo la hotelini. Kideri kilipoingia vijijini, watu walikimbiza kuku wao mjini kuwauza kabla hawajafa. Bwana Salim, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na hoteli karibu na soko, hakununua kibudu kwa bei yoyote. Alimweka kuku sakafuni na kusema, "Mwache atembee." Kuku akipepesuka, rudi naye. Basi wenye kuku wakaenda kwa wale wasiouliza, na mji ukala kuku wagonjwa kwa supu na chapati. Mkaguzi wetu wa nyama alikuwa mmoja wa walaji.

Huko Homa Bay ndiko nilikokutana na Felgona. Alikuwa mjane wa makamo, sauti ndogo, hapindiki. Alifuga kuku wa mayai kando ya barabara ya kwenda Lambwe, kwenye shamba la baba mkwe wake, Mzee Odera. Mume wake alipofariki, mashemeji walianza kukitamani kipande kile, na Mzee akakata shauri kwa namna yake: kuku wakiwemo, kipande ni cha Felgona, banda likibaki tupu, wanawe watalima mahindi. Kwa hiyo kuku wale hawakuwa mayai tu. Walikuwa mahali pake pa kukaa duniani.

Aliwalinda ipasavyo. Aliweka lango na ndoo ya dawa, na hakuna mtu aliyekanyaga bandani, hata mama yake mzazi, ambaye alisalimiwa barabarani akaletewa chai barabarani. Majirani walisema ana majivuno. Wengine wakasema kuna kitu anachofuga mle ndani ambacho si kuku. Mimi mwenyewe nilivua gambuti zangu nikavaa zake, zilizokaa ndani na hazikutoka. Nilimheshimu mno, na sikuwaheshimu watu wengi Homa Bay.

Mwishoni mwa miaka hiyo, mvua ikiwa kubwa na barabara zimekatika, redio ikatangaza kwamba huko Hong Kong kuku wameambukiza watu homa na wengine wamekufa. Jambo la kweli, na la kutisha. Idara ingefanya nini? Ingeleta chanjo, ingefundisha watu kunawa, ingezuia kuku wagonjwa sokoni. Badala yake iliunda msafara. Daktari mmoja mkubwa wa mkoani, aliyesoma ng'ambo na hakuacha usahau, angezunguka kusini mwa Nyanza kuanzia Ntimaru, Kehancha, Migori hadi Homa Bay, kukagua kama ugonjwa huo umefika. Wiki mbili tulikaa hatufanyi kitu, tunausubiri msafara. Friji ya ofisi, iliyotumia mafuta ya taa, ikazimika kwa sababu mafuta yalisubiri msafara pia. Chanjo yote ikaharibika. Ndani yake ilikuwemo ile ya kuku wapya wa Felgona, waliokuwa ndio wanaanza kutaga na hawajamaliza chanjo zao.

Siku ikafika. Landrova ikaingia ofisini imejaa tope, yule daktari, ambaye sote tulimwita Mkuu, akashuka akajinyoosha, akaniambia nipande niwapeleke kwa "mfugaji wa mfano". Nilizunguka nyuma niweke ndoo yangu. Nilipofungua mlango, jogoo akanitazama.

Walikuwa kuku sakafu nzima. Wekundu, weusi, madoadoa, wote miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mmoja alikuwa amelala ubavu, mabawa chini, mkia umelowa kijani.

"Hizi kuku ni za nani?" nikamuuliza dereva.

"Za mkubwa, madam. Watu wa Ntimaru wako na roho safi. Kila boma tumekagua walitupatia."

"Na huko Ntimaru kuku ziko sawa?"

Dereva akafikiri. "Zingine zilikuwa zinasinziasinzia."

Hebu mnielewe vizuri. Msafara wa kutafuta ugonjwa wa kuku ulipita boma kwa boma, katika maboma yenye ugonjwa, ukakusanya kuku kila mahali, ukawapakia gari moja, ukawaleta kwa mfugaji wa pekee niliyejua ana banda safi. Mtu akitaka kusambaza kideri kwa makusudi, hawezi kupanga vizuri kuliko hivyo.

Nikamwendea Mkuu. "Daktari, nyuma kuna kuku ana kideri."

"Amechoka na safari. Hata mimi nimechoka."

"Basi tuwaache hapa ofisini. Hapa hakuna kuku wengine."

"Nani atawalinda? Homa Bay hii?" Akacheka, akapanda mbele. Nikapanda nyuma na kuku, maana nafasi nyingine haikuwepo, na njia nzima nilikuwa ninamwomba Mungu atuharibie gari. Gari la serikali huharibika kila wiki, ila siku hiyo lilikwenda vizuri sana.

Felgona alikuwa amesimama langoni na ndoo yake. Alitusalimu wote kwa mkono, kwa adabu, kisha akasema wageni wakae pale nje kwenye viti, chai itakuja, na banda wataliangalia kupitia waya.

"Mama, sisi ni serikali," Mkuu akasema.

"Nimeona, baba. Lakini hata serikali iko na miguu."

Mpaka leo naona hilo ndilo neno la maana pekee lililosemwa siku hiyo. Nikamnong'oneza kwa lugha yetu ya Dholuo juu ya waliomo nyuma ya gari, akashika komeo kwa mikono miwili. Tungefaulu. Mkuu alikuwa ameshaanza kutafuta kivuli. Lakini Mzee Odera akatokea nyumbani kwake, amevaa koti lake la kanisani, kigoda mkononi.

"Felgona! Wageni wamesimama juani? Unataka watu wa Lambwe waseme boma ya Odera haina mtu?"

"Baba, ni kuku—"

"Kuku ni nini? Hawa ni watu."

Mkaza mwana hambishii baba mkwe mbele ya wageni. Hilo hamhitaji kufundishwa. Felgona aliachia komeo, na Mzee akafungua lango kwa mkono wake mwenyewe, akawakaribisha wote ndani, buti na tope la Ntimaru vikaingia pamoja. Ndoo ya dawa ilirukwa kama dimbwi.

Bado kuku walikuwa garini. Nilisimama mbele ya ule mlango wa nyuma nikijiambia kwamba hapa hapiti mtu. Kisha wageni wakaandaliwa chakula, na Mkuu akaniita mezani nimweleze habari za eneo. Nikakataa, akaniita kwa sauti ya kazi. Nilipogeuka tu, dereva akafungua mlango hewa ipite, na Mzee Odera akawaona wale kuku wametoa ndimi kwa kiu.

Mzee alikuwa mtu mwema. Niseme hivyo, kwa sababu watu wema ndio walionipa kazi nyingi zaidi maishani. Aliwahurumia. "Kuku ya mgeni pia ni mgeni," akasema, akawafungua kamba mmoja mmoja, akawabeba wawili wawili hadi bandani wapate kivuli na maji. Nilipiga kelele. Sikuongea kwa heshima, nilipiga kelele, nikakimbia na kumshika koti.

"Madam," Mkuu akaita kutoka mezani, kipande cha nyama mkononi, "acha mzee aonyeshe ukarimu. Nyinyi vijana mna roho ngumu sana."

Yeye ndiye aliyetumwa kuzuia ugonjwa. Naliandika hili polepole ili mlisome polepole.

Felgona aliingia bandani akawatoa wote kwa mikono yake, wakiwa tayari wameshakunywa kwenye vyombo vya kuku wake. Alimwaga maji, akasugua vyombo, akamwaga dawa sakafuni. Wageni walikula, wakashukuru, na walipokuwa wanaondoka Mzee akamkamatia Mkuu kuku mwingine tena, safari hii kutoka banda la Felgona. Mkuu akampokea. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ameleta kifo kwenye boma hili na sasa anabeba zawadi. Akaniambia nitaandikiwa. Niliandikiwa kweli, na barua ile niliwashia jiko.

Walianza kufa wiki iliyofuata. Nilifungua mmoja juu ya gunia: kile kitumbo kinachotangulia firigisi kilikuwa na madoa ya damu, kama nilivyooneshwa Kehancha. Kideri. Felgona alitoa mizoga asubuhi hadi jioni, na kwa sababu alikuwa analia na kutoka jasho, alijipangusa uso kwa mikono ileile. Nilimwambia. Hakusikia. Baada ya siku mbili macho yake yalivimba yakawa mekundu.

Nilipeleka habari mkoani kwa simu ya posta. Mkuu akarudi, na safari hii alikuwa amevaa barakoa, glavu na koti jeupe, mavazi ambayo siku ile nyingine yangetufaa sana. Hakukaribia lango. Felgona akatoka kumsalimu, kwa sababu hata siku hiyo hakusahau adabu, na Mkuu alipoyaona macho yake akaruka nyuma hadi akagonga gari.

"Msimguse!" akawaambia watu waliokuwa wamejaa barabarani. "Hii inaweza kuwa ile ya Hong Kong!"

Umati ukatawanyika. Mama mmoja aliacha kapu la dagaa barabarani. Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba hayo ni macho ya kideri, niliyaugua mwenyewe, huisha yenyewe, na ikiwa tuna shaka basi tumpeleke hospitali na tusubiri majibu ya maabara kabla hatujataja jina. Nani angenisikiliza mimi, na mwenye koti jeupe alikuwa ameshasema? Hakuna gari lililokubali kumbeba. Nilimshika mkono tukatembea wawili hadi mjini, watu wakitupisha njia. Muuguzi alimsafisha macho, akampa mafuta ya kupaka, akampima homa, akamwambia arudi nyumbani apumzike. Maabara nayo ilijibu baadaye: kideri. Mkuu hakurudi kuwatangazia watu hayo.

Na mizoga? Mkuu aliamuru shimo lichimbwe, kuku wote waliobaki wauawe, wazikwe. Hapo alikuwa sawa, kwa mara moja. Lakini hakuacha mlinzi, hakumwaga chokaa, alikuwa na haraka ya kuondoka. Alipopotea tu barabarani, majirani walewale waliomkimbia Felgona walikuja na majembe. Walifukua, wakanyonyoa, wakala. Macho yake waliyaogopa, kuku wake waliwala. Na kwa kuwa ilikuwa kideri, hakuna aliyekufa. Wiki nzima sokoni waliniambia wakicheka, "Daktari, ile ya Hong Kong tumekula na iko tamu."

Hasira yangu ya kweli iko hapo, wala haijapoa. Kuku walikufa, na kuku wengine huanguliwa. Lakini Mkuu aliwafundisha watu wa Lambwe kwamba homa ya ndege ni kitu cha kula na ugali. Homa hiyo ipo, inaua, na siku itakapofika kwetu mtakuta watu waliokwisha kufundishwa kuicheka. Msitaje jina la ugonjwa kabla maabara haijalitaja, na likishatajwa msilimung'unye. Fungeni uso mnapomfungua kuku mfu. Zikeni kwa kina, mwageni chokaa, mkae hapo hadi watu wachoke kusubiri. Na gari la kazi halibebi kuku, hata akitolewa na waziri. Mkuu alipata nini baadaye ni habari ya vyeo, nami nimesema vyeo siviandiki.

Banda lilibaki tupu. Mashemeji hawakusubiri, walikuja asubuhi moja na ng'ombe na plau. Felgona alikuwa amekaa mlangoni mwa banda, macho yameshapona, naye hakuwazuia, kwa sababu maneno ya Mzee yalijulikana na kila mtu. Nilikuwa nimemletea dawa ya kusafishia banda, nikaona dawa yenyewe haina kazi tena.

Mzee Odera akaja na koti lilelile. Alisimama mbele ya ng'ombe.

"Rudisheni hiyo plau."

"Baba, si ulisema banda ikiwa tupu—"

"Nilisema. Na ni mimi nimefungua hiyo gate. Ni mimi nimeweka zile kuku ndani. Sasa mnataka nimfukuze mtu kwa kazi ya mkono yangu?"

Hawakutaka kurudi. Akakaa chini, pale pale kwenye mtaro wa kwanza, na koti la kanisani. Ng'ombe hawalimi juu ya mzee. Wakarudi.

Felgona alisafisha banda, akaliacha likae tupu hadi nilipomruhusu, kisha akaleta vifaranga. Safari hii chanjo niliichukua mwenyewe Kisumu, nikaibeba kwa themosi kwenye mapaja yangu. Vifaranga wakakua. Lango likafungwa tena, na majirani wakarudia yale yale ya majivuno.

Halafu siku moja nikiwa pale nje nachanganya dawa, Mzee akaja. Alikuwa amekaa miezi bila kufika kwa mkaza mwana wake. Alikuja kuomba msamaha, na mzee wa Kijaluo haji kuomba msamaha hivihivi. Kwapani alikuwa na kuku, mwekundu, mnene, amemnunua sokoni, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

Felgona akimkataa kuku yule, amekataa msamaha wa baba aliyekaa chini mbele ya plau kwa ajili yake. Akimpokea aingie naye, mnajua wenyewe. Cheti changu hakikuwa na somo hilo.

Felgona akatoka, akafunga lango nyuma yake. Akampokea kuku kwa mikono miwili. Akashukuru, akamsifu, akasema ni mzito. Kisha akaniomba kisu changu, akakisafisha, akampa Mzee.

"Baba, chinja hapa."

Mzee akatazama kisu, akatazama lango, akatazama barabara ambako watu walikuwa wanapita. Nilidhani atakasirika. Akapiga goti kwenye majani, akachinja. Felgona akaleta sufuria kwa kuipitisha juu ya ua, tukawasha moto kwa mawe matatu kando ya barabara, tukachoma manyoya yote, tukachemsha nyama mpaka ikaachana na mfupa. Tukanawa, yeye akitumiminia. Mzee akapewa kigoda na firigisi yake, kama inavyompasa. Sisi wanawake tukakaa upande wetu. Wapita njia walisimama kumshangaa Odera anakula nje ya boma lake mwenyewe. Alikula.

Alipomaliza aliosha mikono, akaelekeza kidevu kule ndani, ambako kuku walikuwa wanasikika.

"Na mimi nitawaona lini?"

"Leo umeshika kuku, baba," Felgona akasema. "Njoo kesho, mikono mitupu."

Kesho yake alikuja mikono mitupu, njia nzima akiona aibu ya kwenda bila zawadi, akaosha miguu kwenye ndoo, na lango likafunguliwa.